Ekari Tatu za Majani

Nilipopangiwa kijiji changu cha kwanza nilikuwa na cheti kipya cha kilimo, baiskeli ya serikali na kamba ya kupimia mashamba. Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya themanini, na umri wangu ulikuwa haujafika miaka ishirini na mbili. Kijiji kilikuwa kati ya Shinyanga na Kahama, ndani kabisa kutoka barabara ya mabasi. Watu waliniita Bibi Shamba. Wazee walilitamka neno hilo huku wakicheka kidogo, maana walikuwa wamezoea mabwana shamba, na hawakuwahi kufikiri kwamba siku moja wangefundishwa kulima na mtoto wa kike.

Kazi yenyewe niliijua vizuri. Kila kaya ilitakiwa kuwa na ekari moja ya mtama na ekari moja ya mihogo, mbali na pamba. Mtama na mihogo ndiyo iliyokuwa chakula cha akiba, na asiyekuwa nacho aliitwa mbele ya halmashauri ya kijiji ajieleze. Wengi waliichukia sheria hiyo. Mimi niliipenda, na nilikuwa na sababu.

Nilikulia Ibadakuli, pembeni mwa mji wa Shinyanga. Nikiwa darasa la tano mvua ilikataa, na mahindi ya njano yakaanza kuletwa kwa malori. Tulipanga foleni na vikapu tangu jua halijachomoza. Ugali wake ulikuwa na harufu ya gunia, lakini tuliumaliza na sufuria tukakwangua. Mdogo wangu wa mwisho alikuwa amekwisha kuvimba miguu kabla lori la kwanza halijafika, na hakupona. Mama hakulizungumzia tena jambo hilo. Mimi nilijiapiza kwamba nitakapokuwa mtu mzima nitafanya kazi ya kuifuta foleni ile, na ndiyo maana wenzangu walipokimbilia ualimu na uuguzi, mimi nilichagua kilimo.

Mwenyekiti wa kijiji alinitafutia chumba kwa mama mmoja ambaye mumewe alikuwa Geita akichimba dhahabu, mwaka wa tatu sasa. Watoto wake walikuwa wamekwisha kujitegemea. Alikuwa mama mrefu, mkavu, mwenye sauti ya chini, na asiyependa kurudia neno. Asubuhi nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, kisha akaniwekea chai na matobolwa, yaani viazi vitamu vilivyochemshwa na kukaushwa. Chai hiyo aliichemsha kwa mabua ya pamba. Kuni zilikuwa taabu. Zamani, nilivyosimuliwa, eneo lote lile lilikuwa pori. Likafyekwa kwanza ili kuwafukuza mbung'o, likafyekwa tena kwa ajili ya pamba, na watu walipohamishwa kutoka kwenye makazi yao yaliyotawanyika wakakusanywa pamoja kijijini, miti iliyobaki ikaishia kwenye nyumba na kwenye majiko. Ukisimama mlangoni pake uliweza kumwona mtu anayekuja na baiskeli robo saa kabla hajafika.

Sehemu moja tu ilikuwa imebaki na kijani. Ilikuwa ngitili ya mama huyo. Ngitili ni eneo ambalo Wasukuma hulifunga mvua zinapoanza, lisiguswe na mfugo wowote, majani yakue na kukaukia hapohapo, kisha hufunguliwa kiangazi kinapokuwa kikali ili ndama na maksai wa kulimia wapate cha kula. Ya kwake ilikuwa ekari sita, kwenye mteremko unaoshuka hadi kijito cha msimu. Ndani yake mlikuwa na migunga, mikwaju michache, na nyasi zilizonifika kiunoni.

Katika kaya nilizoandikisha mwaka ule wa kwanza, nne zilikuwa hazina ekari ya mtama kwa sababu hazikuwa na mahali pa kuilimia. Mojawapo ilikuwa ya kijana mmoja mwenye mke na watoto watatu. Alikuwa anakodi kipande hapa na kipande pale, na mkewe alikuwa anakwenda kuwapalilia watu ili alipwe unga. Nilipoingia kwao nikamwona mtoto wao mdogo, miguu yake sikuipenda. Nikaenda moja kwa moja kwenye ile ngitili na kamba yangu.

Mama mwenye nyumba alinikuta napima. Alisimama akaniangalia mpaka nikafika mwisho wa kamba, ndipo akaniuliza napima nini. Nikamweleza kuhusu zile kaya nne. Nikamwambia ardhi ile ilikuwa na rutuba kuliko yote kijijini na ilikuwa imekaa bure.

"Haijakaa bure," alisema. "Hapo ndipo maksai wangu wanapokula mwezi wa tisa na wa kumi. Wasipokula, mwezi wa kumi na moja hawatavuta plau. Mtama wako utaupanda kwa kidole?"

Nilimjibu kwamba watoto wa watu hawawezi kungoja ng'ombe washibe kwanza. Alirudi nyumbani, na chakula cha jioni alinipakulia kama kawaida.

Shauri lilipelekwa kwenye halmashauri ya kijiji. Mwenyekiti alikuwa mtu wa kupenda amani, akasema ardhi ile ni ya ukoo wa mume, kwa hiyo mume aulizwe. Barua ikaandikwa Geita. Majibu yalikuja baada ya mwezi na nusu, yameletwa na mtu aliyerudi kutoka machimboni, na kwa kuwa mama hakujua kusoma, mimi ndiye niliyemsomea. Tulikuwa tumekaa kwenye kivuli cha nyumba. Mume aliandika kwamba amekubali ngitili ikatwe, tena magogo ya migunga yasitumike hovyo, yeye angeyatafutia lori yaende kwenye mashimo ya dhahabu kuwa matimba, yale magogo ya kuzuia udongo usiwaangukie wachimbaji.

Nilisoma bila kuongeza wala kupunguza. Moyoni nilifurahi, nami sitajifanya kwamba sikufurahi. Mama akaniambia nichukue kalamu.

"Mwandikie hivi. Maksai sita alioniachia nimewalisha humo miaka mitatu. Akitaka kukata, aje na shoka lake, asimtume mtoto wa watu."

Niliandika hivyo. Mume hakuja. Halmashauri, ikiwa na barua yake mkononi na nakala ya barua ya mkewe, ikafanya kile ambacho halmashauri nyingi hufanya: ikagawanya katikati. Ekari tatu za chini, zinazoelekea kijitoni, zikafyekwa na kugawiwa zile kaya nne. Ekari tatu za juu zikabaki. Siku ya kufyeka nilikuwepo tangu asubuhi, na nilishika panga kama wengine. Magogo waliyatumia wenyewe kujengea maghala.

Mwaka ule mvua ilikuwa nzuri na ardhi ilikuwa mpya. Mtama ulirefuka, masuke yakainama. Yule kijana alivuna kuliko alivyowahi kuvuna maishani, na mkewe aliniletea unga kwenye kibuyu, akapiga goti kunipa. Mwenyekiti alinisifu mkutanoni. Niliandika taarifa yangu ya robo mwaka kwa mwandiko mzuri kuliko wa kawaida. Mama mwenye nyumba alinipongeza pia, kwa neno moja, akaendelea kupepeta mchele.

Mwaka wa pili mvua ilichelewa, halafu ikashuka yote kwa pamoja. Ilinyesha alasiri moja kwa namna ambayo hatukuweza kusikizana ndani ya nyumba ya bati. Kulipokucha kijana alikuja kunigongea, hakunisalimia, akasema tu niende nikaone. Maji yalikuwa yameteremka kutoka kijijini, yakapita kwenye uwanda usio na kitu, kando ya ekari za juu, na yalipofika kwenye zile ekari tulizofyeka hayakukuta mzizi wa kuyashika. Yalikuwa yamechimba korongo katikati ya shamba lake, kina kinachonifika kifuani, na mtama uliokuwa umeanza kuchipua ulikuwa umekwenda na udongo wake. Kule kijitoni, mchanga ulikuwa umevifukia visima vifupi ambavyo wanawake walikuwa wakichotea maji kiangazi.

Nilisimama pale, na kijana alikuwa amesimama upande wa pili wa korongo. Nilijua kabisa kilichotokea. Tulikuwa tumefundishwa chuoni, darasa zima, na michoro ubaoni: mteremko, mizizi, maji. Mtihani wa somo hilo nilifaulu vizuri sana. Siku ya kupima kwa kamba nilikuwa nikiona miguu ya yule mtoto tu, na mteremko sikuuona. Nilimwambia kijana kwamba kosa ni langu. Aliniuliza kosa langu litaliwaje.

Ndipo likaja baya zaidi. Baada ya dhoruba ile mvua haikurudi. Mwezi wa pili na wa tatu mawingu yalipita juu yetu yakaenda kunyesha kwingine. Pamba ilidumaa, mtama wa waliopanda ukakauka ukiwa na urefu wa mkono. Ilipofika mwezi wa nane ng'ombe walianza kuanguka njiani wakienda lamboni. Watu waliwauza Kahama kwa bei ya kutupa, na wengine waliwachinja wakiwa mifupa. Wanaume kadhaa waliondoka kwenda Geita, wengine Maganzo kuchekecha almasi kwenye vifusi, wakisema watatuma chakula. Mimi nilizunguka na baiskeli nikiandikisha kaya zenye njaa, na kila jioni nilirudi na karatasi iliyojaa.

Mwezi wa tisa mama alifungua ngitili yake. Ekari zile tatu za juu zilikuwa na nyasi kavu, za rangi ya manjano, zimesimama. Maksai wake sita waliingia asubuhi wakatoka mchana. Watu walikuja kusimama mpakani wakiangalia, na nilidhani siku moja watavunja ua na kuingiza ng'ombe wao wote, na nyasi zingekwisha kwa siku mbili.

Yeye aliliona hilo kabla yangu. Alimwita mwenyekiti na mabalozi wa nyumba kumi, akawakaribisha kwenye mkeka, na mimi akaniambia nikae karibu niandike. Alisema kila nyumba kumi zichague maksai wawili, wale wenye nguvu zaidi, bila kujali ni wa nani. Hao tu ndio wangeingia kwenye ngitili, saa chache kwa siku, wakilindwa. Mvua zikianza, jozi hiyo ingelima mashamba ya nyumba zote kumi, kwa zamu, na zamu ianzie kwa wenye watoto wadogo.

Balozi mmoja aliuliza vipi kuhusu ng'ombe wa maziwa. Mama alisema majani hayatoshi. Balozi akauliza tena, kwa sauti ya kusihi, maana alikuwa na ng'ombe mmoja tu. Mama alimwangalia kwa huruma na hakubadilisha neno. Ng'ombe wa balozi yule alikufa mwezi wa kumi, na siku hiyo mama alikwenda kukaa na watu wa nyumba hiyo kama mtu anavyokaa matangani.

Niliandika utaratibu wote kwenye daftari langu. Nilipokuwa naandika nilielewa kwamba katika fomu zangu zote hapakuwa na mstari wa kuandika nyasi. Palikuwa na ekari za mtama, za mihogo, za pamba, za mahindi. Ngitili iliandikwa "eneo lisilotumika". Mimi mwenyewe ndiye niliyeiandika hivyo, mara mbili.

Nikapanda basi kwenda wilayani. Bosi wangu alikuwa mtu mwadilifu na mwenye kazi nyingi. Njaa ilikuwa imeshika vijiji vingi na simu yake haikunyamaza. Nilimweleza kuhusu korongo, na kwamba mimi ndiye niliyelisababisha. Kisha nikamwomba ruhusa kwamba kijijini kwangu ngitili ihesabiwe kama shamba la chakula, zile ekari za chini zifungwe tena, na zile kaya nne zipewe mashamba kwenye ardhi ya kichanga, iliyochoka, nyuma ya kijiji, wapande mihogo na mtama kwa samadi na makinga maji.

Alivua miwani. "Bibi Shamba, watu wana njaa, na wewe unaniomba kupunguza ekari. Nani anakula majani?"

"Maksai, mzee. Na mwaka huu hakuna atakayelima bila hao."

Aliniambia kwa upole kwamba akikubali kwangu, kesho kila mvivu atafunga pori na kuliita shamba. Nikasema aje aone. Akasema hana mafuta ya gari. Tulizunguka hapo kwa hapo, na mwisho alichukua karatasi yangu akaandika pembeni kwamba suala hilo ni la kuamuliwa na kijiji, akatia saini. Haikuwa ruhusa, wala haikuwa katazo. Niliikunja karatasi nikaiweka kwenye daftari, nikawahi basi la mwisho. Njiani niliamua kwamba kama nitafukuzwa kazi, basi nifukuzwe baada ya kupanda.

Mkutano mkuu wa kijiji ulichukua siku nzima. Nilisimama nikakiri mbele ya watu wote jambo la korongo, kwa Kiswahili kwanza na kisha kwa Kisukuma, ili pasiwe na aliyekosa kusikia. Nikaeleza ninachotaka. Wengine walikubali upesi kwa sababu walikuwa wameona nyasi zile zikiwaweka maksai hai. Wengine walisema serikali haina msimamo, jana kata, leo funga. Hawakukosea. Walinzi wa sungusungu walikubali kulilinda eneo, na ikakubaliwa kwamba kila nyumba kumi zifunge kipande chao wenyewe juu ya korongo, hata kiwe kidogo.

Yule kijana alikuwa amekaa nyuma. Alisimama mwisho kabisa.

"Ulinipa shamba," alisema. "Leo unaninyang'anya. Hilo la kichangani utalilima pamoja na mimi, au nitaondoka niende Geita kama wenzangu."

Nikasema nitalilima. Watu walicheka, lakini yeye hakucheka, na mimi sikucheka.

Kesho yake alfajiri nilikuwa kichangani na jembe la mkono. Ardhi ile ilikuwa ngumu kama sakafu, na chini ya ugumu palikuwa na mchanga mtupu. Tulibeba samadi kutoka kwenye mazizi yaliyobaki matupu, mkewe kwa kichwa, yeye kwa toroli, mimi kwa baiskeli ya serikali, debe mbele na debe nyuma. Tulichimba makinga maji kukatiza mteremko, tukipima usawa kwa kipande cha mpira na maji. Viganja vyangu vilipasuka siku ya tatu. Siku za mwanzo hakusema nami ila neno la kazi. Juma la pili alinionyesha namna ya kushika mpini ili nisiumie. Kaya nyingine tatu zilikuwa zikifanya vivyo hivyo pembeni yetu, na wiki ya tatu mama mwenye nyumba alikuja na kifungu cha matawi ya minyaa, akaanza kuyachomeka kuzunguka mashamba kuwa ua. Nilimwambia apumzike, kwamba hiyo ni kazi yangu. Alisema aliyechoka apumzike.

Mvua ilianza mwishoni mwa mwezi wa kumi na moja. Katika vijiji vya jirani watu walikuwa wakilima kwa jembe la mkono kwa sababu ng'ombe wao walikuwa wamekufa au hawawezi kusimama. Kwetu maksai walifungwa nira, wamekonda, lakini walivuta. Zamu zilianzia kwa wenye watoto wadogo kama ilivyopangwa, na ugomvi ulikuwa mwingi. Karibu kila siku niliitwa kuamua nani anafuata. Mara mbili nilikosea na ikabidi nirudi kuomba radhi. Mpaka mwisho wa mwezi wa kumi na mbili sehemu kubwa ya mashamba ilikuwa imelimwa.

Lori la mahindi ya njano lilikuja kwetu pia, nisidanganye. Lilikuja mara mbili kabla ya mavuno. Nilisimama kwenye foleni ile nikiwa na orodha mkononi, na ilinichoma. Lakini baada ya mavuno halikurudi, na kaya nilizoandikisha kwa ajili ya mwaka uliofuata zilitosha upande mmoja wa karatasi.

Bosi wangu alipata mafuta ya gari mwaka uliofuata, akaja. Alitembea kwenye kichanga, akachimbua udongo kwa kiatu, akauliza samadi ilitoka wapi. Alipofika kwenye ngitili alisimama sana. Korongo lilikuwa bado lipo, na lingekuwepo miaka mingi, lakini kingo zake zilikuwa zimeshikwa na nyasi, na vichipukizi vya migunga vilikuwa vimetoka kwenye visiki vya miti tuliyoikata wenyewe. Hakusema kwamba nilikuwa sahihi. Aliomba kuona daftari lenye utaratibu wa maksai, akalisoma lote akiwa amesimama, akauliza kama anaweza kuondoka nalo. Nikamwambia anakili hapohapo, kwa sababu kijiji kilikuwa kinalitumia.

Siku ile ile kijana na mkewe walikuwa wanachimbua mihogo yao ya kwanza, iliyokaa ardhini mwaka na nusu. Bosi alienda kuwasalimia. Mke alikuwa na kapu limejaa nusu, na mtoto wao mdogo alikuwa akikimbia juu ya makinga maji, akifukuzwa asiyabomoe. Mke wa kijana alichagua mihogo miwili mikubwa akanipa. Nikachukua mmoja. Mwingine aliurudisha kwenye kapu, akainama kuchimbua shina lililofuata.